Goti Linapouma: Jinsi ya Kulikagua, Kulitunza Nyumbani na Kujua Wakati wa Kwenda Hospitali

Watu wengi hupima goti kwa ukali wa maumivu: likiuma kidogo wanavumilia, likiuma sana wanatafuta daktari. Kipimo hicho hudanganya. Goti lililogongwa kwenye ukingo wa meza linaweza kukutoa machozi na kesho yake likawa zima. Goti lenye usaha ndani, kwa mzee au mtu mwenye kisukari, linaweza kuanza na maumivu ya wastani tu, kisha likaharibika ndani ya siku chache. Kinachosema ukweli zaidi ni tabia ya goti lenyewe: limeanzaje, limevimba lini, lina joto au halina, na limekuzuia kufanya nini. Anza na hatua ya kwanza hata kama unadhani haikuhusu.

Hatua ya 1: Kagua dalili zisizosubiri kesho

Kaa penye mwanga, pandisha nguo hadi mapajani, nyoosha miguu yote miwili na uyatazame magoti kwa pamoja. Lile lisilouma ndilo kipimo chako. Weka mgongo wa kiganja juu ya moja, kisha juu ya jingine. Goti la kawaida huwa na ubaridi kidogo kuliko paja na muundi, kwa hiyo goti lenye joto sawa na paja tayari linaashiria uvimbe wa ndani, na lenye joto kuliko paja linataka uangalifu zaidi.

Goti likiwa na joto, limevimba, na kila ukijaribu kulikunja au kulinyoosha unapata maumivu makali, nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Ukiwa na homa au unatetemeka kwa baridi, usijadiliane na mtu. Huenda bakteria wameingia ndani ya kiungo. Gegedu, yaani ule utando mgumu unaoteleza unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa yake ya damu na likishaharibiwa halioti upya kama ngozi. Ndiyo maana siku mbili tatu za kungoja zinaweza kumwacha mtu na goti bovu maisha yake yote. Hospitalini daktari atavuta maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara. Yakionyesha maambukizi, utapewa antibayotiki kwa mshipa na kiungo kitasafishwa.

Walio katika hatari zaidi ni wazee, wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, wenye baridi yabisi, wanaotumia dawa za steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo pia hushusha kinga), waliowekewa goti bandia, na yeyote aliyechomwa sindano ndani ya goti siku za karibuni. Kwa watu hawa kukosekana kwa homa kusikutulize, maana mwili wao unaweza kushindwa kuipandisha. Na tafadhali usimeze antibayotiki zilizobaki nyumbani kabla ya kuvutwa maji. Zinaweza kuwaficha bakteria maabara ishindwe kuwatambua, na ugonjwa ukaendelea kwa chini.

Hatari ya pili ni ya damu. Nyuma ya goti hupita ateri inayolisha muundi na unyayo wote. Ajali kubwa ikiling'oa goti mahali pake, ateri hiyo inaweza kuchanika hata kama goti lilirudi lenyewe kabla hujafika hospitali. Gusa unyayo: ukiwa baridi kuliko mwenzake, umepauka au umebadilika rangi, au umekufa ganzi, madaktari wana saa chache tu za kuuokoa mguu.

Hatari ya tatu hukaa jirani na goti. Shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa na joto, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulazwa kitandani au safari ndefu ya kukaa, inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda siku hiyohiyo. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura ya dakika: ita msaada papo hapo.

Nenda siku hiyohiyo pia ikiwa mguu umepinda, pia ya goti (ule mfupa wa duara wa mbele) imehama upande, una jeraha lenye kina juu ya kiungo, goti limekwama halinyooki, au huwezi kabisa kuinua mguu huku goti limenyooka ukiwa umelala chali. Hilo la mwisho, likitokea baada ya kuanguka au kuruka, linaweza kumaanisha kwamba kano inayounganisha misuli ya paja na muundi imekatika, na kano hiyo hutengenezwa vizuri zaidi ikiwahiwa.

Hatua ya 2: Jiulize limeanzaje

Kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, sasa rudisha kumbukumbu nyuma. Je, kuna tukio? Kuanguka, kugongwa, kujipinda ukicheza, kuteleza ukiwa umebeba mzigo?

Kama lipo, kumbuka saa ambayo uvimbe ulitokea. Swali hili dogo huwasaidia sana madaktari, na wagonjwa wengi huwa wamelisahau jibu lake. Goti lililovimba haraka, ndani ya saa mbili tatu, kwa kawaida limejaa damu: ligamenti ya katikati (mshipi unaofunga mfupa kwa mfupa) imekatika, mfupa umepasuka, au pia ya goti ilitoka na kurudi. Mwenye ligamenti iliyokatika mara nyingi husimulia kwamba alisikia kitu kikilia ndani ya goti, akaanguka, na tangu hapo akigeuka ghafla goti linamwachia. Uvimbe unaokuja taratibu, ukaonekana kesho yake, huelekea zaidi kwenye meniskasi. Hizi ni pedi mbili za umbo la mwezi mchanga zilizokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Zikichanika, mtu hupata maumivu pembeni mwa goti anapochuchumaa au kujizungusha, na wakati mwingine kipande hujikunja katikati ya kiungo na kulikwamisha.

Je, unahitaji eksirei baada ya kuumia? Mwaka 1995 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni fupi ambayo bado inatumika katika vyumba vya dharura. Mtu mzima aliyeumia goti anahitaji picha akiwa na hata moja kati ya haya: ana umri wa miaka 55 au zaidi, anaumia akibonyezwa juu ya pia ya goti peke yake, anaumia akibonyezwa kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti, hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90, au hakuweza kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na bado hawezi anapofika hospitali. Kuchechemea huku unakanyaga kunahesabiwa kuwa hatua. Naipenda kanuni hii kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kujipima nyumbani na kufika kwa daktari akiwa na majibu. Haikutengenezwa kwa watoto wadogo, wala kwa mtu aliyelewa au asiyehisi miguu yake vizuri.

Kama hakuna tukio, fikiria mabadiliko ya wiki chache zilizopita: kazi mpya ya kupiga magoti, mazoezi uliyoyaanza kwa pupa, ngazi nyingi, uzito ulioongezeka, viatu vilivyochakaa. Goti hulalamika zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa kazi lililoizoea.

Hatua ya 3: Weka kidole panapouma

Jaribu kuonyesha kwa kidole kimoja. Maumivu ya mbele, yanayozidi ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukikaa muda mrefu umekunja magoti, mara nyingi hutoka kwenye pia ya goti na namna inavyoteleza juu ya paja. Vijana na wakimbiaji huyajua vizuri. Uvimbe laini kama yai juu kabisa ya pia ya goti huwapata wanaopiga magoti kwa muda mrefu, na ukiwa mwekundu wenye joto, rudi hatua ya kwanza. Maumivu ya upande wa ndani kwa mtu wa makamo ni kusagika kwa gegedu au meniskasi mara nyingi. Ya upande wa nje kwa mkimbiaji ni ule ukanda mrefu unaoshuka kutoka nyonga. Kujaa kwa nyuma huwa ni mfuko wa maji ya goti, nao ukipasuka humwaga maji kwenye shavu la mguu na kufanana mno na damu iliyoganda. Usijaribu kuzitofautisha hali hizo mbili mwenyewe, waachie wenye kipimo cha ultrasaundi.

Ukishindwa kuonyesha mahali, yaani maumivu yametanda tu, chunguza nyonga na kiuno. Nyonga mbovu hupeleka maumivu gotini. Lala chali, kunja mguu, kisha zungusha paja ndani na nje taratibu. Likiuma kwenye kinena au likakataa kuzunguka, huenda goti linaonewa bure.

Goti linalolia bila kuuma na bila kuvimba halihitaji matibabu yoyote.

Hatua ya 4: Sikiliza asubuhi na usiku

Goti lililosagika huwa gumu unapoamka au unapoinuka baada ya kukaa, lakini hulegea ndani ya nusu saa, kisha huuma kadiri unavyolitumia mchana. Baridi yabisi hufuata mwendo tofauti: ukakamavu wa asubuhi hudumu saa nzima au zaidi, hupungua kwa kutembea, na kwa kawaida vidole vya mikono au viungo vingine vya pande zote mbili vinahusika. Huyu amwone daktari ndani ya wiki chache, kwa sababu dawa za kuutuliza ugonjwa huo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, kabla viungo havijapinda.

Jongo (gauti) huja kwa kishindo. Mtu hulala mzima akaamshwa usiku na goti jekundu, la moto, lisiloguswa hata na shuka. Aliyewahi kuvimba kidole gumba cha mguu namna hiyo ana sababu ya kulishuku. Lakini jongo na maambukizi ya bakteria hufanana kwa macho, vinaweza kukaa pamoja ndani ya goti moja, na kipimo cha asidi ya yuriki (ile inayoleta jongo) kwenye damu kinaweza kuwa cha kawaida katikati ya shambulio. Anayetenganisha ni yule anayetazama maji ya goti kwa hadubini. Kwa hiyo hata mwenye jongo la miaka mingi, goti likimwaka kwa namna asiyoizoea, aende.

Maumivu yasiyopumzika usiku hata ukilala kwa namna gani, yanayoendana na kupungua uzito au uvimbe mgumu juu ya mfupa, yanahitaji kupigwa picha bila kungoja.

Hatua ya 5: Tunza nyumbani, kwa mpangilio

Siku 2 au 3 za mwanzo baada ya kuumia, lipunguzie goti kazi bila kulilaza kabisa. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa 2 au 3. Barafu tupu huunguza ngozi. Funga bandeji ya kunyumbuka isiyobana hadi vidole vya mguu vikapata ganzi, na uifungue unapolala. Inua mguu juu ya usawa wa moyo. Katika siku hizo epuka kukanda kwa maji ya moto, kuchua, pombe na kukimbia, kwa kuwa vyote huongeza uvimbe. Joto lina wakati wake: baadaye, kwa goti gumu lililosagika lisilo na uvimbe mpya, kitambaa cha moto kabla ya mazoezi hufariji sana.

Jambo moja ambalo watu hulifanya kwa nia njema ni kulala na mto chini ya goti usiku kucha. Goti hupata nafuu kwa kukunjika kidogo, lakini likizoea hivyo kwa wiki kadhaa hukataa kunyooka. Ukitaka kuinua mguu, weka mto chini ya kisigino na shavu la mguu, goti linyooke.

Kuhusu dawa, mtu mzima mwenye ini zima anaweza kunywa parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 ndani ya saa 24. Mwenye uzito mdogo au anayekunywa pombe sana apunguze. Soma lebo za dawa za mafua unazotumia, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani. Jeli ya diklofenaki ya kupaka hufaa kwa goti kwa kuwa kiungo kipo karibu na ngozi, na dawa inayofika tumboni ni kidogo. Vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vina nguvu, ila si vya kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo, na mjamzito, asivitumie bila kuulizia. Usichanganye viwili vya aina hiyo kwa pamoja.

Naomba uwe mwangalifu na vidonge na unga wa "kutibu viungo" unaomaliza maumivu yote kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu virutubisho vilivyouzwa kwa jina la Artri King, baada ya vipimo kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na huuzuia mwili kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Kama umetumia kitu cha namna hiyo kwa wiki nyingi, usikiache ghafla. Kipeleke kwa daktari na pakiti yake ili akupunguzie kwa hatua.

Uvimbe ukianza kushuka, anza kulifanyisha kazi. Hapa ndipo uponyaji mkubwa ulipo, na ndipo wengi hukata tamaa mapema. Misuli ya mbele ya paja hunywea haraka mno goti linapouma, na paja dhaifu huliachia goti mzigo wote. Kaa umenyoosha mguu, kaza paja kana kwamba unabonyeza godoro kwa nyuma ya goti, shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10. Halafu lala chali, mguu usiouma umekunjwa, inua ule unaouma ukiwa umenyooka hadi urefu wa goti la pili na uushushe taratibu. Ukimudu hayo bila shida, nenda kwenye kuinuka na kukaa kitini bila kushika kitu. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakibaki juu hadi kesho yake, punguza idadi na usiache kabisa. Jipe wiki 6 hadi 12 kabla ya kuamua kwamba hayafai.

Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza unaouma. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono ukisimama wima. Kama una uzito wa ziada, kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti takriban kilo 4 za mzigo katika kila hatua, kwa hiyo hata kilo 5 ni nafuu unayoihisi.

Hatua ya 6: Weka tarehe ya mwisho ya kusubiri

Kusubiri bila tarehe ndiko kunakowafikisha watu hospitali wakiwa wamechelewa. Goti lililoumia na halijapungua uvimbe ndani ya siku chache, lipeleke. Goti linalokuachia au kukwama mara kwa mara, panga kuonana na daktari wiki hiyo hata kama katikati ya matukio haliumi. Kila linapokuachia linaweza kuichana meniskasi zaidi. Maumivu ya kawaida yasiyo na tukio yapewe wiki 3 za utunzaji wa kweli. Yakibaki palepale, au yakikunyima usingizi na kazi, nenda.

Hatua ya 7: Kwa mtoto, tumia kanuni nyingine

Mtoto anayechechemea na ana homa, au amekataa kabisa kukanyaga, apelekwe siku hiyo. Kijana wa miaka 10 hadi 16 anayelalamikia goti, na goti likikaguliwa halina kitu, lazima apigwe picha ya nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza taratibu na maumivu yakajitokeza gotini tu. Hadi apimwe, asiruke wala asikimbie. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na maumivu ya ugonjwa wake au maambukizi ya mfupa, na mzazi hana namna ya kutofautisha kwa macho.

Nundu inayouma chini kidogo ya pia ya goti kwa kijana anayekua na kucheza sana kwa kawaida hupoa ukuaji ukikamilika, na kupunguza michezo ya kuruka kwa muda hutosha. Lakini usiyaite "maumivu ya kukua" maumivu yaliyo kwenye goti moja tu, yanayorudi kila usiku kwa wiki kadhaa na kuambatana na uvimbe wa mfupa. Saratani ya mfupa ni nadra, ila inapowapata vijana hupenda sana maeneo yanayozunguka goti.

Hatua ya 8: Ukifika kwa daktari

Vaa nguo inayopanda juu ya goti kwa urahisi. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Eleza kwa mpangilio: limeanza lini na vipi, uvimbe ulitokea baada ya muda gani, linakwama au linaachia, asubuhi likoje, ulikuwa na homa au hukuwa nayo, umejaribu nini. Usikubali jibu la "ni umri tu" kabla goti halijaguswa, halijakunjwa na kulinganishwa na la pili.

Picha zichukulie kwa kiasi. Eksirei inaweza kuonyesha kusagika kukubwa kwa mtu anayetembea vizuri, na MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) huonyesha meniskasi zilizochanika kwa watu wengi wa zaidi ya miaka 50 wasio na maumivu yoyote. Ukiambiwa goti lililosagika lisafishwe kwa kamera (upasuaji wa matundu madogo), uliza litakusaidiaje. Mwaka 2002 daktari Bruce Moseley na wenzake wa Houston walichapisha jaribio la wagonjwa 180 ambamo baadhi walisafishwa goti na wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani. Waliosafishwa hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Goti lililokwama kwa kipande cha meniskasi ni suala jingine, na kubadilishiwa goti kwa mtu ambaye mazoezi, uzito na dawa vimeshindwa ni upasuaji wenye manufaa makubwa. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, na ikirudiwa mara kwa mara inaweza kulidhuru gegedu, kwa hiyo uliza ni ngapi umepangiwa na kwa mwaka mmoja si zaidi ya ngapi.

Kabla hujatoka, uliza mambo matatu: anadhani ni nini, ni dalili ipi ikitokea urudi bila kungoja miadi, na kama unaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo). Andika majibu. Na kama umechomwa sindano au umevutwa maji, goti likipata joto na kuvimba upya siku zinazofuata, rudi siku hiyohiyo na useme ulichomwa lini.